Krismasi njema, na wa mlango wa mwisho tumkumbuke

Ndugu, marafiki na majirani wa ploti ya zamani, habari zenu. Nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya 2025, Mungu awape afya na amani, wanaosafiri wafike salama na sisi tuliobaki Nairobi tusikose cha kuweka mezani.

Mwaka umekuwa mgumu, nani hajui. Nauli ya ushago wiki jana niliambiwa elfu moja mia tano, leo stejini ni elfu tatu na hawapunguzi hata shilingi, kwa hivyo mama atatuona kwa simu. Mbuzi tumewaachia wenye nazo, kwetu ni kuku mmoja.

Lakini bei si ndizo zimenikosesha usingizi, ni chapati. Tuliokaa mtaa wa Mathare mnamkumbuka shosh, yule bibi mzee wa mlango wa mwisho upande wa mto, kila Krismasi anaamka saa kumi alfajiri kusukuma, ikifika saa mbili kila mlango umeletewa sahani imefunikwa na kitambaa, uwe unamsalimia au humsalimii. Usiku ule wa Aprili 2024 mto ulipofurika hakutoka. Siku tatu baadaye nikaokota mti wake wa kusukumia chapati kwa matope karibu na daraja, umepasuka upande mmoja. Niliuosha, niko nao mpaka leo. Binti yetu alizaliwa Julai tukampa jina la shosh. 2050 atakuwa na miaka 26, na mimi sijui nitamwambia nini kuhusu huo mto.

Mnivumilie basi niseme. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, dunia ikipata joto hewa inabeba maji mengi zaidi na yakishuka yanashuka kwa fujo. Lakini mtaro wetu ulikuwa umeziba tangu Januari, tulienda ofisi moja mara mbili tukaambiwa tungojee. Halafu baada ya mazishi ndio tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni, watu na watoto wao wakabaki nje kwa baridi ya Mei.

Na si eti hatuna sheria. Katiba ya 2010 kifungu cha 42, kwa haki ya mazingira safi, imetaja vizazi vijavyo waziwazi, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 imeagiza kila kaunti iyaweke mambo haya ndani ya mpango wake wa maendeleo. Kaunti ya Makueni hata hawakungoja hiyo, 2015 walishatunga kanuni za mfuko wao wa tabianchi, pesa inatengwa na watu wa wadi wanakaa kwa kamati wanapendekeza miradi wenyewe, kama mabwawa ya mchanga, yanayoweka maji ndani ya mchanga wa mto. Makueni jamani, kule kukavu! Sisi wa Nairobi tuna wadi 85 na mito inapita katikati yetu.

Mei 10 tulipewa holidei ya kupanda miti, nilipanda miwili na mmoja umeshakauka, hakuna aliyeutilia maji, hata mimi sikurudi. Ndugu zangu tusimwachie Mungu kazi ya MCA, yaani mwakilishi wetu wa wadi, na tusimwachie MCA kazi yetu. Tunajaza kanisa tunaombea mvua ipungue, na mkutano wa bajeti ya kaunti ukitangazwa wanaenda watu kumi. Bajeti lazima ifike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hivyo ya kuuliza tuulize kuanzia Januari: mtaro wa wadi yangu umetengewa ngapi, na walio kando ya mto wanahamishiwa wapi kabla ya mvua ya Machi.

Mkiona tangazo la mkutano hapa Mathare nipigieni, nitakuja na mtoto mgongoni. Kwa sasa mke wangu ameshakanda unga, na ule mti tumeufunga na waya pale ulipopasuka. Walio karibu piteni kesho kuanzia saa mbili. Krismasi njema, na Mungu atuvushe salama.