YAH: SEVISI YENU ILIYOACHA STEBILAIZA KWENYE BAIPASI NA KUUNGUZA MASHINE YANGU, IGURUSI

Ndugu Meneja,

Salaam. Nimepata ujumbe wa ofisi yako unaosema kwamba "kwa mujibu wa kadi ya kazi, mteja aliridhika na huduma", kwa hiyo dhamana haihusiki. Nilimpa mhasibu wangu ausome. Akaniuliza kama nina hakika nilituma malalamiko kwenye namba sahihi. Namba ni sahihi. Leo naandika barua, yenye tarehe na muhuri, kwa kuwa naona simu na meseji za mteja kwenu hazina uzito.

Masharti ya mkataba wa sevisi mliyaandika wenyewe, sitawasomea. Nitawaeleza kilichotokea kinuni kwangu.

Jioni ile umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi umezidi. Kwa sisi tunaokoboa mpunga Igurusi hilo si jambo geni. Mchana wa msimu, vinu vyote vikiwa kazini, volti hushuka hadi mota zinanguruma bila nguvu. Jioni vikizimwa karibu kwa pamoja, volti hupanda. Nyie mnalijua hilo kuliko mimi, maana ndilo mlilolitumia kuniuzia stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, ya fezi tatu ya kVA 100, pamoja na kinga za mawimbi ya umeme na ethi mpya, waya wa kupeleka umeme ardhini. Mlisema itashusha, itapandisha, na ikishindwa itakata yenyewe.

Haikushusha wala haikukata. Mota za kinu tulikuwa tumeshazizima, imebaki mashine ya kuchambua mchele kwa rangi inamalizia mzigo wa mteja. Mwendeshaji wangu anasema aliona mshale wa volti za kutoka umefika 470, kati ya fezi na fezi. Yaani kila fezi ilikuwa inabeba kama volti 270, kwenye mashine iliyotengenezwa kwa 230. Kabla hajaifikia swichi, moshi ulikuwa umeshatoka upande wa pawa saplai. Bodi tatu za kielektroniki zimeungua, na kamera za upande mmoja hazioni kitu hadi leo. Harufu ya plastiki iliyoungua iliingia kwenye mchele uliokuwa juu ya mashine, ikabidi niununue mimi mzigo wa watu kwa bei ya daraja la kwanza na kuuza kama chakula cha kuku.

Na stebilaiza yenu? Ilisimama pale pale, taa ya kijani inawaka. Isingeweza kukata chochote kwa sababu umeme haukuwa unapita ndani yake. Mafundi wenu waliondoka wameiacha kwenye baipasi, njia inayopitisha umeme pembeni ya stebilaiza.

Nami niliwaambia, Ndugu Meneja. Niliwaambia wakiwa bado hapa, gari lao halijawashwa.

Siku ile ya sevisi, walikuwa wanakusanya vifaa. Nikasimama mbele ya paneli nikaona mshale wa volti za kuingia unacheza, na wa kutoka unacheza nao. Huu 372, ule 372. Huu ukishuka, ule unashuka. Nimeishi na hiyo mashine misimu kadhaa, najua mshale wa kutoka husimama kwenye 400 hata kama ule mwingine unarukaruka. Nikamwita fundi wenu mkuu kwa adabu: "Fundi, mbona hizi zinafuatana? Haijabaki kwenye baipasi hii?" Akacheka. Akasema, "Mama, hii siyo jiko la mkaa. Wewe kaangalie mchele wako." Akafunga mlango wa paneli mbele ya uso wangu.

Kisha akaniletea kadi ya kazi nisaini. Nikakataa, nikamwambia kwanza anijibu kuhusu ile mishale. Hakujibu. Alimwita kijana wa kubeba magunia aliyekuwa anapita na kiroba mgongoni, akampa kalamu, akamwonyesha pa kuandika. Hiyo ndiyo saini yenu. "Mteja aliridhika." Yule kijana analipwa kwa gunia, hajui stebilaiza ni nini, na alisaini kwa sababu mtu mzima mwenye ovaroli na kitambulisho shingoni alimwamuru. Ofisi yako imeikubali saini hiyo bila hata kulinganisha na ile iliyoko kwenye mkataba, ambayo ni yangu na inajulikana.

Baada ya kuunguliwa nilimwita fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje akague kabla kitu chochote hakijaguswa. Picha ninazo. Swichi iko kwenye baipasi. Brashi za kaboni, zile zinazoteleza juu ya koili kurekebisha volti, zimekwisha hadi chuma kinakwaruza waya wa koili, na fezi moja brashi imepasuka kabisa. Ankara yenu ya sevisi imeandika brashi mpya, seti moja, Sh. 480,000, nami nilishailipa. Ziko wapi? Fundi huyo aliniambia kwamba stebilaiza yenye brashi za namna ile ingetoa cheche na kelele kila inaposahihisha volti, na kwamba hiyo ndiyo huenda ikawa sababu ya kuiweka baipasi: iache kelele, mteja asishtuke, waondoke. Siwezi kuapa kwamba ndivyo walivyofikiria. Nachojua ni kwamba kelele ziliisha siku ile, na mimi mjinga nisiyejua umeme nilikuwa nimeziripoti kwenu mwanzoni mwa msimu.

Kinga za mawimbi ya umeme nazo, mbili kati ya tatu zina alama nyekundu kwenye kidirisha. Nyekundu ina maana zimeshakufa zinatakiwa kubadilishwa, hata kijitabu chenu kinasema hivyo. Kwenye kadi ya kazi zimewekewa tiki. Ethi imeandikwa "2". Ohmu 2! Kwa kipimo gani? Hakuna aliyechimbia vijiti vya kupimia, hakuna aliyetoka nje ya jengo isipokuwa kwenda kununua soda. Fundi wangu alipima akapata 41, na mafundi wa kazi hizi hutaka iwe chini ya 10. Kwa hiyo hata kinga zingekuwa nzima, wimbi la umeme lingekuwa linatafuta njia ya kwenda ardhini na haliipati vizuri.

Nilipiga simu asubuhi ya pili yake. Binti wa huduma kwa wateja, ambaye simlaumu, alisema kazi "imefungwa kwenye mfumo" na kuifungua inahitaji idhini ya fundi aliyeifunga. Yaani yule yule. Ombi langu la fidia linakwenda kwa mtu aliyefanya kosa ili aamue kama kuna kosa.

Fundi wenu naye alinipigia. Hakuuliza nini kimeungua. Aliuliza, "Nani amegusa swichi?" Nikamwambia mlango wa paneli alifunga yeye, ufunguo aliondoka nao yeye, na hadi fundi wangu anafika ilibidi tumpigie simu dereva wao aurudishe kwa basi. Akasema ataandika kwamba mteja alichezea mitambo. Sasa naomba ofisi yako ichague neno moja: niliridhika, au nilichezea?

Nataka urudi nami kwenye siku ile ya sevisi, kwa sababu naona kwenye majibu yenu mnaipita haraka. Tulikuwa katikati ya msimu. Uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanaosubiri mzigo wao, na mwingine wa Tunduma ambaye ndiyo kwanza anafanya kazi na mimi. Walikuwepo wakulima waliolala hapa na mpunga wao. Wote walinisikia nikiuliza swali la volti 372, na wote walisikia jibu la jiko la mkaa. Wengine walicheka, maana mtu wa mbali mwenye vifaa akicheka, watu hucheka naye. Vijana wangu waliinamisha vichwa. Mimi ndiye ninayewalipa mishahara, na mimi ndiye niliyemlipa yeye. Alinifungia mlango wa paneli, akanipita, akaenda kutafuta saini kwa mbeba magunia kana kwamba nimeshaondoka kwenye kinu changu mwenyewe.

Nilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bodi. Angegeuza swichi moja tu.

Yule wa Tunduma sasa anakoboa kwa jirani. Mchele usiopita kwenye mashine ya rangi unabaki na punje nyeusi na nyekundu, na wanunuzi wakubwa huupunguzia bei pale pale, kwa hiyo simlaumu.

Nilipoanza kuwasiliana nanyi niliomba jambo dogo: mje mtengeneze stebilaiza na mchangie bodi. Ombi hilo limepitwa na wakati. Sasa ninadai mlipe Sh. 6,350,000 za bodi na kamera, kwa ankara ya msambazaji niliyoambatanisha, na mrudishe Sh. 480,000 za brashi hewa. Mnilipe mchele ulioharibika, hesabu yake iko ukurasa wa pili. Mfute kadi ile ya kazi kwa maandishi. Yule fundi asikanyage tena Igurusi kwa jina la kampuni yenu, na msamaha uje kwa barua nitakayoibandika uwanjani, walipocheka watu.

Na nikifikiria tena, sitaki hata mtengeneze. Njooni mchukue stebilaiza yenu, kinga zenu na waya wenu wa ethi, mnirudishie fedha yote niliyonunulia. Sina namna ya kulala usingizi nikijua usalama wa kinu uko mikononi mwa watu wanaoandika vipimo bila kupima.

Ninawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila malipo au ratiba ya malipo yenye saini ya mkurugenzi, faili lote litakwenda EWURA, pamoja na swali la nani kati ya mafundi waliokuja alikuwa na leseni, maana sikuonyeshwa hata moja. Nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ambako kutoza brashi ambazo hazikuwekwa kuna jina lake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Madai ya fedha yatakwenda mahakamani Mbeya, na huko nitaongeza hasara ya kila siku ambayo mashine imesimama, ambayo kwenye barua hii bado sijaihesabu.

Kijana aliyesaini kadi yuko tayari kutoa ushahidi. Nimeshamwombea ruhusa kwa baba yake, kwa sababu hajafikisha miaka 18.

Wako,

Mmiliki, kinu cha kukoboa mpunga
Igurusi, Mbarali

Nakala: Mwanasheria wangu, Mbeya
Viambatanisho: picha za paneli, ankara, ripoti ya fundi, nakala ya kadi ya kazi