Mheshimiwa Katibu Mkuu wa IPU, maazimio yenu yanaishiaga wapi?

Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mabunge Duniani, salaam. Najua pale Geneva barua zinaingia nyingi, hii isome tu hata ukiwa kwenye lifti.

Naandika kama mpiga kura wa kawaida. Historia yenu naipenda kweli, na nahisi wabunge wengi wanaokuja kwenye mikutano yenu hawaijui kabisa, maana wangeijua wasingekuwa wanarudi kimya kimya.

Si mnamkumbuka William Randal Cremer? Huyu alikuwa seremala, mtu wa chama cha wafanyakazi, akaingia bunge la Uingereza 1885, waziri hajawahi kuwa. Mwaka 1887 akapanda meli hadi Marekani na barua yenye saini za wabunge wenzake zaidi ya 200 kumwomba Rais Cleveland nchi zao mbili zikubaliane kwamba zikigombana zinaenda kwa msuluhishi, hakuna kupigana. Hakuna serikali iliyomtuma! Baadaye akakutana na Mfaransa Frédéric Passy, naye alikuwa na wazo hilohilo, na Juni 1889 wakaitisha mkutano Paris, ndio mwanzo wa IPU yenu, wakaja wabunge wa nchi tisa na Liberia ikiwemo, yaani Afrika ilikuwepo tangu siku ya kwanza na hiyo ishu hamuisemi vya kutosha. Marekani nayo ilikuwepo, sasa hivi si mwanachama, haya bwana.

Halafu hawakuishia kupiga picha. Miaka kumi baadaye, 1899, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ikaanzishwa kwenye mkutano wa kwanza wa amani The Hague, na ile kelele ya wabunge ilichangia. 1904 wakakutana St. Louis, Marekani, wakaazimia Rais Roosevelt aitishe mkutano wa pili wa amani, wakampelekea wenyewe, na mkutano ukafanyika kweli 1907. Azimio lilikuwa na miguu siku hizo. Nobel ya amani nayo, Passy 1901, Gobat, yule Mswisi aliyeongoza ofisi yenu, 1902, Cremer 1903, mfululizo! Hata vita ya 1914 ilipolipuka na ofisi ikiwa Brussels, Christian Lange aliyekuwa kwenye kiti chako akaihamishia kwao Norway, kazi ikaendelea.

Sasa twende kwenye hoja. Katiba yenu yenyewe inasema mwanachama ana wajibu wa kupeleka maazimio ya IPU kwenye bunge lake na kuyafikisha kwa serikali yake. Iko wazi kabisa. Ila muulize mpiga kura yeyote ni lini alisikia mbunge wake anasimama bungeni anasema jamani huko tumeazimia hiki na hiki, serikali mnajibu nini? Najua mnaletewa ripoti huko Geneva, lakini ripoti ya kukuambia wewe na ripoti ya kutuambia sisi tuliolipa tiketi ya ndege ni vitu viwili tofauti.

Na msiseme hamna meno, manake mnayo. Ujumbe wa bunge ukija wa jinsia moja mara kwa mara mnaupunguzia kura, bunge lisilolipa ada linapoteza haki ya kupiga kura. Hiyo naiunga mkono mia kwa mia, maana kura inauma. Kwa nini wasioripoti nyumbani wasiguswe hivyohivyo?

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kila mkutano mkuu mtoe orodha kwa jina la nchi, bunge gani lilisoma maazimio yaliyopita mbele ya wabunge wote na tarehe gani, na ambalo halikusoma liandikwe halikusoma. Iwekwe wazi na sisi tuione, maswali mengine tutawauliza wenyewe wakija kuomba kura.

Wako,
Mpiga kura