Merlot ya mlimani haijaharibika, ndo ladha yake hiyo

Kuna wateja wetu hapa Arusha wamerudi na waini nyekundu ya Merlot ya Howell Mountain wanalalamika eti kali, inakausha mdomo, haina sukari hata kidogo, mwingine akasema tumemuuzia mzigo uliolala stoo. Wadau, iko sawa kabisa, tuelezane.

Wengi tumeanza na waini tamu ya Dodoma, ile inashuka yenyewe. Merlot ni aina ya zabibu, asili yake Bordeaux, Ufaransa, na inasifika kwa ulaini, ila ukiipandisha mlimani inabadilika tabia. Howell Mountain ipo Napa, California, mashamba yanaanzia kama mita 430 kutoka usawa wa bahari, najua mtacheka manake hata Moshi mjini imewapita mbali, lakini kwa kule inatosha, ukungu unabaki bondeni wao juu wanapigwa jua. Udongo ni wa volkano kama wetu, ila mwembamba, una mawe na maji hayakai, sasa mzabibu unateseka unazaa zabibu ndogondogo zenye ganda nene. Na kwenye waini nyekundu mambo yote yako kwenye ganda, rangi humo, na ile tanini inayokaza ulimi kama umekula zambarau humo humo. Ganda jingi, juisi kidogo, ndo hiyo kali mnayoisema.

Kutengeneza kwenyewe, zabibu zinatolewa vikonyo zinapondwa kidogo zinachachuka pamoja na maganda yake, wiki moja mpaka tatu hivi, hamira inakula sukari inageuza kilevi, kwa hiyo ukiitafuta sukari hutaikuta, imeshaliwa. Maganda yanaelea juu, basi juisi inavutwa toka chini wanayamwagia. Baadaye wanakamua, inakaa kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja au mmoja na nusu, huko ndo inapata vanila na kamoshi kwa mbali. Ukiionja taratibu utakuta plamu nyeusi, cheri, chokoleti chungu.

Sasa usiinywe kavu kavu kama soda. Imimine kwenye jagi lisaa limoja kabla ipate hewa, halafu weka mbuzi choma au ndafu pembeni, tanini inashikana na nyama mdomo unalainika, utashangaa ni chupa ile ile. Samaki wa nazi hapana, mtagombana. Arusha mwezi wa saba iache tu mezani, ila Moshi mwezi wa pili ipitishe friji nusu saa kwanza, inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na barafu jamani msitie. Mashapo chini ya chupa sio uchafu, mimina polepole yabaki.

Ila ukifungua ikanuka siki, au harufu ya boksi lililolowa maji, hiyo kweli imeharibika, usiimalizie kwa huruma, rudisha na kizibo chake tukubadilishie.