Mjomba, kiuno kinachouma ukilala kikapimwe

Shikamoo Mjomba,

Mkazamjomba amenipigia simu, akaniambia siku hizi unalala umekaa kwenye kochi la sebuleni kwa sababu kitandani kiuno hakikupi nafasi. Mchana unachunga, unaenda mnadani, unarudi. Usiku ukishajinyoosha tu, yanaanza. Naiandika barua hii hadharani bila kutaja jina lako, maana wako akina mjomba wengi wanaolala hivyo na kusema ni uzee.

Mimi ni muuguzi, na ninachotaka unisikilize ni jambo moja. Maumivu ya kiuno tuliyoyazoea, yale ya jembe na magunia, hupungua mtu akilala. Msuli uliochoka unapumzika, pingili za mgongo zinatuliwa mzigo. Yako yanakwenda kinyume: ukipumzika ndipo yanapopamba moto. Hilo peke yake linatosha kukutoa kwenye duka la dawa na kukupeleka kwa daktari.

Nianze na yaliyo mepesi. Kitanda chako cha kamba kimebonyea katikati, na mtu akilala chali miguu imenyooka kiuno hujipinda, vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikabanana. Kwa umri wako, pingili zikiwa zimeanza kusagika, hapo lazima paume. Usiku wa leo shusha godoro sakafuni, lala chali, weka mto mnene chini ya magoti. Au lala ubavu, mto uwe katikati ya magoti. Ukipata nafuu, ni dalili nzuri, ingawa kupimwa kuko palepale. Lakini kama kila ukigeuka maumivu yanakufuata, huenda shida imo ndani ya mfupa wenyewe, na mfupa unaougua hauangalii umelalaje.

Najua huko kila kiuno kinachouma huitwa figo au ngiri. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja. Jiwe la figo huuma kwa vipindi, likashuka hadi kinenani. Maambukizi ya figo huja na homa ya kutetemesha. Ngiri nayo huonekana kama uvimbe kinenani unapokohoa. Hiyo dawa ya mizizi ya ngiri uliyouziwa mnadani sijui ina nini, naomba uiweke pembeni. Na vile vidonge vya diklofenaki unavyomeza kila jioni, Mjomba, wewe una presha. Vinaipandisha, vinachubua tumbo, na hizo figo unazoziogopea ndizo vinazoziumiza.

Sasa yale yanayoninyima usingizi. Mkazamjomba anasema umetoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, tena la pili, na shuka lako asubuhi limelowa jasho. Mtu anayekonda, anayetokwa jasho usiku na kuumwa mgongo, kwetu lazima afikiriwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Utasema hukohoi. Hakuna lazima ya kukohoa: vimelea huingia kwa njia ya hewa, vikasafiri kwenye damu hadi kwenye pingili, vikaila polepole huku makohozi yakipimwa na kuonekana safi. Ugonjwa huu ni wa kale. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliuandika mwaka 1779, na hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake. Ukicheleweshwa, pingili hubomoka, mgongo ukatoa kibyongo, miguu ikapooza. Ukiwahiwa unapona kwa vidonge, na dawa za TB nchini kwetu ni bure. Matibabu ya mfupa huwa marefu kuliko ya mapafu, mara nyingi miezi 9 hadi 12, na hayakatishwi njiani.

La pili ni mifugo. Wewe unazalisha mbuzi kwa mikono mitupu na maziwa unayanywa mabichi, ya moto kutoka kiwelani. Ule ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosi, unampata na binadamu: homa inakuja na kuondoka, jasho, viungo kuuma, na mara nyingi unakaa kiunoni. Watu hutibiwa malaria na taifodi mara kwa mara kumbe ni huo. Mwambie daktari kwamba unafuga na unakunywa maziwa yasiyochemshwa. Usipomwambia anaweza asiulize. Nao unatibika, kwa dawa za wiki kadhaa.

La tatu ni tezi dume. Kuamka usiku kwenda haja ndogo kunaweza kuwa tezi kutanuka tu, wazee wengi wanayo. Lakini saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda mifupa, hasa ya mgongo na nyonga, na maumivu yake hayana mapumziko usiku. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na daktari anaweza kuipapasa tezi kwa kidole. Najua wanaume mnavyoikimbia hiyo ya pili. Ni ya muda mfupi sana, Mjomba, nakusihi usiikatae.

Kijana wako aliyesema naye mgongo unamwamsha alfajiri ana hadithi tofauti. Kwa vijana, mgongo unaokakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa kisha kulegea wakianza kutembea huweza kuwa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, ambao una dawa zake. Naye aende.

Usikubali kuchuliwa wala kukanyagwa mgongo kabla hujapimwa. Pingili iliyoliwa na ugonjwa huvunjika.

Na ukiona miguu inalegea, au ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma kutoka, au choo kinatoka bila kujijua, usisubiri kukuche. Hapo mishipa ya fahamu inabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea.

Ukimwona daktari, anza na usiku. Mwambie yanaanza ukilala, umekonda, unatoka jasho, unaamka kukojoa mara ngapi. Muombe akuguse mgongo, agonge pingili moja moja. Eksirei ikitoka safi usirudi nyumbani ukashangilia, maana mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla picha haijaonyesha kitu. Uliza kuhusu vipimo vya damu, na kama ikibidi MRI, ile picha inayoona ndani zaidi ya eksirei, wakupe rufaa ya hospitali ya kanda.

Nauli tumeshachanga mimi na kaka, itaingia kwenye simu ya mkazamjomba leo jioni. Ile eksirei ya mwaka jana iko juu ya kabati chumbani kwenu, ibebe, usiikunje. Na usinywe dawa ya mizizi kwa siri, maana na hilo daktari ataliuliza.

Mpwa wako