Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: karatasi ya thieta iseme kisu kilifika wapi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam aleikum. Mimi ni karani wa rekodi za matibabu hapa Mombasa. Kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari wa upasuaji na kukipa misimbo ambayo bima hulipia.

Chukua mzee mmoja mvuvi wa Likoni. Mguu wake ulivunjika zamani, na juu ya muundi amebaki na tundu ambalo likiziba mguu huvimba, likifunguka hutoka usaha. Kwa nje halipiti ncha ya penseli, kumbe ndani njia yake inafika mfupani. Alipelekwa thieta, tundu likapanuliwa, nyama iliyooza ikakatwa, mfupa uliokufa ukakwanguliwa. Faili ikaandikwa: "Kidonda kimesafishwa, kimefungwa." Bima ikalipa bei ya kufunga bandeji. Siilaumu; hakuna aliyeiambia habari za mfupa.

Kuna orodha ya Marekani ya misimbo ya kazi za matibabu, iitwayo CPT, ambayo hata tusipoifuata, inafaa kuigwa kwa hili. Usafishaji wa kidonda kwa kisu hupangwa kwa kina: 11042 kisu kikiishia kwenye mafuta chini ya ngozi, 11043 kikifika msuli, 11044 kikifika mfupa. Kila mmoja ni wa sentimita mraba 20 za kwanza, na zinazozidi zina msimbo wa nyongeza. Kinachohesabiwa ni nyama iliyoondolewa, si urefu wa tundu. Tundu likifika mfupani lakini daktari akaondoa mafuta tu, hiyo ni 11042. Hapa karani mwenye nia njema kabisa huweza kudai kupita haki, na mkaguzi akija, hospitali ndiyo inayodaiwa.

Kuikata njia nzima na kuitoa ni kazi nyingine. Tundu la juu ya makalio, lile lenye nywele ndani, lina misimbo yake, 11770 hadi 11772, kulingana na ugumu wa upasuaji. Wagonjwa wake wengi ni vijana wanaoona haya hata kuonyesha panapouma. Daktari naye akiandika "jipu" tu, karani afanyeje?

Ugonjwa pia una msimbo. Katika ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, M86.4 ni uambukizi sugu wa mfupa wenye tundu linalotoa usaha. Ukiandika "jeraha la mguu" halafu ukadai kukwangua mfupa, utaonekana mzushi.

Ninaloomba ni dogo. Agiza karatasi ya thieta katika hospitali za kaunti iwe na nafasi za kujaza: tundu liko wapi, limetokana na nini, kitu cha ndani kabisa kilichoondolewa ni kipi, eneo ni sentimita mraba ngapi, na njia imesafishwa au imetolewa nzima. Daktari aijaze kabla hajatoka thieta, maana jioni hakumbuki.

Na tafadhali, tusipelekwe warsha ya hotelini. Tukalishe meza moja na madaktari asubuhi moja, tukiwa na mafaili halisi, majina yamefunikwa.

Fomu ya mfano nimeshaichora, nusu ukurasa. Ukiniruhusu nitaileta afisini kwako.

Wako mtiifu,
Karani wa rekodi za matibabu, Mombasa