Programu za mtandao zisiziache skripti za zamani bila kutuarifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie watayarishaji wa matoleo ya Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta, kilio cha sisi wasimamizi wa mifumo, kuhusu programu za kusimamia miunganisho ya mtandao zisizopatana na skripti (mafaili madogo ya amri) zilizozitangulia.

Kwa miaka mingi Debian, mojawapo ya matoleo hayo, imekuwa ikisoma mipangilio ya mtandao katika faili la /etc/network/interfaces, na kila kiungo cha mtandao (kama kadi ya waya au ya Wi-Fi) kinapowashwa, skripti zilizomo katika saraka (folda) ya if-up.d hutekelezwa. NetworkManager, programu ya kusimamia miunganisho iliyoanzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004, ilikuja na saraka yake yenyewe, dispatcher.d, na taratibu zake. Siipingi hata kidogo, kwani kompyuta ya mkononi inayohama kutoka Wi-Fi moja hadi nyingine inaihitaji mno. Tena Debian ilifanya uungwana: iliweka skripti ndogo ya daraja, 01-ifupdown, ili zile za zamani ziendelee kuitwa, yaani kutekelezwa.

Si kila toleo lina daraja hilo. Seva moja niliyokabidhiwa ilipohamishiwa toleo lisilo nalo, mtandao ulipatikana vizuri, lakini hifadhi iliyoko kwenye seva ya mbali haikuunganishwa, na nakala rudufu za kila usiku zikawa zinaandikwa katika diski ya ndani mpaka ikajaa pomoni. Skripti ya kuunganisha hifadhi ilikuwapo, nzima, ila hapakuwa na wa kuiita. Nikaihamishia dispatcher.d, nayo bado ikagoma, kwa sababu ilitarajia jina la kiungo katika kigeu (jina linalobeba thamani) cha IFACE, ilhali NetworkManager hulipitisha jina hilo kama hoja (neno linalopewa skripti inapoitwa) ya kwanza, na tukio, yaani up (kuwashwa) au down (kuzimwa), kama hoja ya pili. Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja tu. Kuugundua mstari huo kulinigharimu siku mbili, maana hakuna kumbukumbu yoyote ya mfumo iliyotaja kwamba skripti imeachwa.

Ninachoomba ni kwamba programu ya kusasisha mfumo, kabla ya kubadilisha msimamizi wa mtandao, ikague saraka za zamani na kumtajia mhusika, kwa jina la faili, kila skripti ambayo haitaitwa tena.

Msimamizi wa mifumo ya kompyuta