Kabla ya Kununua Lenzi ya Makro, Tafuta Namba 1:1

Msimu wa masika uliopita alifika dukani kwetu hapa Kisumu afisa mmoja wa kilimo kutoka upande wa Kakamega, akiwa na kamera nzuri, lenzi ya zumu iliyoandikwa makro (yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ubavuni, na malalamiko ya haki. Alikuwa akiwafundisha wakulima wa mahindi kumtambua kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia nchini mwaka wa 2017, naye alitaka picha zinazoonyesha alama mbili: mistari myeupe inayochora herufi Y iliyopinduliwa kwenye uso wa kiwavi, na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Katika picha zake jani lilionekana vizuri, lakini kiwavi alikuwa kijiti cha kijivu tu kisicho na uso.

Kamera yake haikuwa na kosa, wala mkono wake. Neno makro kwenye lenzi nyingi za zumu lina maana kwamba lenzi hiyo inaweza kusogea karibu kidogo kuliko nyenzake, basi. Kinachoeleza ukweli ni uwiano wa ukuzaji. Lenzi yenye uwiano wa 1:1 huchora kitu juu ya kihisi cha kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo kiwavi wa milimita 36 hujaza upana wote wa kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Zumu ya afisa wetu iliishia 1:4, na hapo kiwavi huyo huyo huchukua milimita 9 pekee, huku kichwa chake, ambacho hata akikomaa hakifiki milimita 3, kikibaki nukta. Ndiyo maana tunamwomba kila mteja atafute namba hiyo kabla ya kuuliza bei.

Jambo la pili ni umbali. Umbali wa karibu kabisa unaoandikwa kwenye lenzi hupimwa kutoka kwenye kihisi, si kutoka kwenye kioo cha mbele, na wengi hawaambiwi hivyo wanapouziwa. Lenzi ya makro ya milimita 100 (huo ni urefu wa fokasi, si urefu wa lenzi yenyewe) huandikwa takriban sentimita 30, lakini ukiondoa mwili wa kamera na urefu wa lenzi yenyewe, kati ya kioo na mdudu hubaki karibu nusu ya hapo. Kwa lenzi ya milimita 50 au 60 hubaki sentimita chache tu: kivuli cha lenzi humwangukia mdudu, naye hukimbia. Kwa wadudu tunashauri lenzi za milimita 90 hadi 105. Sonara anayepiga picha za pete mezani atatosheka na ile fupi, na atalipa kidogo.

Lakini panapowashinda watu wengi ni kwenye unene wa fokasi. Kwa uwiano wa 1:1, tundu la lenzi likiwa f/2.8 (namba ya f ikipanda, tundu hupungua), sehemu inayotoka kali ina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Jicho la kiwavi likiwa kali, mdomo umeshafifia. Ukilibana tundu hadi f/11 unapata zaidi kidogo ya milimita moja. Ukilibana zaidi ya hapo, mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha yote hulainika. Isitoshe, kwa ukaribu huo lenzi hupoteza mwanga, kiasi kwamba f/11 hufanya kazi kama f/22. Hata jua la saa sita la Kisumu haliwi la kutosha jani linapotikiswa na upepo, na kwa sababu hiyo tunaamini kwa dhati kwamba flashi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga itakufaa kuliko kupanda kutoka lenzi nzuri hadi lenzi ghali. Kwa kitu kisichosogea, kama pete, iko njia nyingine: kamera huwekwa kwenye stendi, picha kumi au ishirini hupigwa huku fokasi ikisogezwa kidogo kidogo, kisha programu huziunganisha ziwe picha moja iliyo kali kuanzia kito hadi duara la nyuma.

Aliye na lenzi ya kawaida ya milimita 50 anaweza kuanza na pete za kurefushia, ambazo huwekwa kati ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani na bei yake ni nafuu sana. Pete ya milimita 25 humpa ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi, pamoja na kidogo ambacho lenzi ilikuwa nacho. Hataweza kulenga vitu vya mbali mpaka aitoe, na huo ni usumbufu.

Afisa wetu hakununua kitu siku hiyo. Tulimkodisha lenzi ya milimita 100 na flashi kwa siku mbili, baada ya kumjaribishia hapo kwenye kaunta kwa kupiga picha punje ya hindi. Aliporudi alituonyesha uso wa kiwavi ukiwa umejaa kwenye kioo cha kamera, Y nyeupe imesimama kichwa chini, na unga wa jani lililotafunwa ukiwa bado mdomoni. Nawe ukija, njoo na kamera yako, kwa kuwa lenzi ya aina moja ya kamera haishiki kwenye nyingine, na kitu chenyewe unachotaka kukipiga picha, hata kama ni mdudu ndani ya kikopo.